Mwanangu, kuhusu swali lako la nyota

Mwanangu mpenzi,

Sote nyumbani hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Umeuliza: kama wanasayansi hubadili maneno yao kuhusu ulimwengu, tuwaamini kwa lipi? Swali hilo limenikaa moyoni. Nitakujibu kwa habari za mwanamke mmoja.

Karne moja iliyopita, mabingwa wengi wa elimu ya nyota waliamini kwamba galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, ndiyo ulimwengu mzima. Kile kiwingu cha Andromeda, alichokwisha kukiandika Al-Sufi wa Uajemi mwaka 964, walikihesabu kuwa kimo humu humu ndani. Ubishi ulikuwa mkali, na kipimo cha kuumaliza hakikuwapo.

Kipimo kilitoka kwa Henrietta Leavitt. Huko Harvard, Marekani, alilipwa ujira mdogo kukagua vioo vya picha za anga zilizopigwa Peru. Katika Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota linaloonekana kama kiwingu upande wa kusini, aliona nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 akatangaza alichokibaini katika nyota 25: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kumaliza zamu yake, ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkali. Ni kama karabai za wavuvi wa dagaa. Ukishajua nguvu ya karabai, ukiiona hafifu baharini unakisia mtumbwi uko umbali gani.

Leavitt alifariki 1921. Mwaka 1923 Edwin Hubble, bingwa wa elimu ya nyota aliyekuwa California, akaona nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Akahesabu siku zake, akapata umbali wa miaka ya nuru karibu 900,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Andromeda ilikuwa galaksi nyingine kabisa! Inaniuma kwamba Leavitt hakuishi kuliona hilo.

Na Hubble naye aliupunja umbali huo. Mnamo 1952 bingwa mwingine, Walter Baade, alieleza kwamba nyota hizo ni za aina mbili, zilizokuwa zimechanganywa, na leo tunasema miaka ya nuru milioni 2.5. Lakini tazama, mwanangu: sahihisho lile halikuirudisha Andromeda ndani ya galaksi yetu, liliisogeza mbali zaidi, na kwa kipimo kile kile cha Leavitt.

Mwezi wa kumi na moja, kama saa tatu na nusu usiku, tokeni mahali pasipo na taa. Andromeda itakuwa kaskazini, Wingu Dogo kusini, yote mawili kwa wakati mmoja. Mwombe mwalimu wa fizikia awasindikize, kisha uniandikie mliyoyaona.

Mama yako