Tunapoiandika Swan Lake, tumtaje na Lev Ivanov

Mhariri,

Habari za baleti ni chache katika kurasa za burudani za magazeti ya Kiswahili, na zinapochapishwa, msomaji huambiwa kwamba Swan Lake ni kazi ya Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Urusi, pengine likaongezwa jina la Marius Petipa, mtunga miondoko, basi. Naomba nafasi nieleze kwamba kwa kuandika hivyo tunamdhulumu Lev Ivanov, aliyetunga miondoko ya karibu nusu ya baleti hiyo, tena nusu ile ambayo watazamaji huondoka nayo moyoni.

Baleti hii ya hadithi ya binti aliyegeuzwa batamaji haikuanza vizuri. Mwaka 1875 wasimamizi wa kumbi za maonyesho za Moscow walimwagiza Tchaikovsky muziki wake kwa malipo ya rubli 800, na onyesho la kwanza likafanyika katika ukumbi wa Bolshoi mjini humo tarehe 4 Machi 1877 kwa kalenda ya sasa. Mtunga miondoko, Julius Reisinger, hakuumudu muziki huo. Wachezaji wa wakati ule walizoea tuni nyepesi za kufuatisha hatua, na sasa waliwekewa muziki mzito ambao wenyewe ulikuwa ukisimulia kisa. Vipande vikaanza kutolewa kimoja kimoja na kuingizwa vya watunzi wengine, hadi mwaka 1883 baleti yenyewe ikawekwa kando. Tchaikovsky alifariki Novemba 1893 bila kuiona ikipata heshima inayostahili.

Ni msiba huo ulioirudisha jukwaani. Mwanzoni mwa mwaka 1894 ukumbi wa Mariinsky, St Petersburg, uliandaa onyesho la kumuenzi marehemu, na Ivanov, aliyekuwa msaidizi wa Petipa, akatunga upya sehemu ya pili tu, ile ya usiku kando ya ziwa ambapo mwana wa mfalme Siegfried anakutana na Odette, binti aliyegeuzwa batamaji. Baleti nzima ilifuata Januari 1895, baada ya kucheleweshwa na maombolezo ya Tsar Alexander III. Petipa alitunga sehemu zinazotokea nyumbani kwa mwana wa mfalme, na Ivanov akatunga zote mbili za ziwani.

Namsihi msomaji aitazame sehemu hiyo ya pili kwa makini. Mabatamaji hawaingii kwa mkupuo. Wanaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia hatua za aliyemtangulia, mstari ukijipinda huku na huku hadi jukwaa lote linajaa weupe. Baadaye wanatoka wasichana wanne walioshikana mikono kwa kuikingamisha mbele yao, wakienda upande upande kwa miguu inayogusa sakafu kwa wakati mmoja na vichwa vinavyogeuka pamoja. Kwa kuwa mikono imefungana, hakuna awezaye kuitumia kujiweka sawa, na mmoja akiteleza huwavuta wenzake watatu. Kisha fidla moja inaanza kuimba peke yake, na Odette na Siegfried wanacheza polepole hadi selo, yaani fidla kubwa ya sauti nzito, inapoingia kuijibu fidla. Muziki huo Tchaikovsky aliuchukua kutoka opera yake ya awali, Undine, aliyoiharibu mwenyewe, na hapo mwanzo ulikuwa wa sauti mbili za waimbaji, mwanamke na mwanamume. Ivanov aliyasikia mazungumzo hayo na kuyaweka katika miili ya wachezaji. Mwaka 1895 Siegfried alichezwa na Pavel Gerdt, aliyekuwa na umri wa miaka 50, hivyo rafiki wa mwana wa mfalme, Benno, akawekwa hapo hapo kumsaidia kumdaka na kumshikilia Odette. Siku hizi ni nadra kumwona Benno katika dansi hiyo.

Simpunguzii Petipa chochote. Ile mizunguko 32 ya mfululizo juu ya mguu mmoja, ambayo mchezaji Pierina Legnani aliizunguka katika sehemu ya kasri, bado inawainua watu vitini. Lakini zingatia jambo hili: Konstantin Sergeyev, alipoiandaa baleti hiyo Leningrad (ndiyo St Petersburg) mwaka 1950, aliwaacha wapenzi wakiwa hai mwishoni, naye Rudolf Nureyev, huko Vienna mwaka 1964, alimzamisha mwana wa mfalme majini. Kila kizazi kimejipa ruhusa ya kuugeuza mwisho wa hadithi, ilhali usiku ule wa kwanza wa ziwani waandaaji wengi wameuacha karibu na ulivyotungwa na Ivanov. Wameweza kufanya hivyo kwa sababu hatua za Mariinsky ziliandikwa kwa alama za dansi zilizobuniwa na Vladimir Stepanov, na Nikolai Sergeyev (si yule Konstantin) akayabeba maandishi hayo alipoondoka Urusi baada ya mapinduzi. Ndiyo aliyoyatumia London mwaka 1934, Alicia Markova akiwa Odette.

Ivanov mwenyewe alifariki mwaka 1901 katika hali ya ufukara. Alikuwa wa pili kwa cheo, na sifa za kazi za Mariinsky zilikwenda kwa mkubwa wake.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Nairobi. Katika miaka ya karibuni Dance Centre Kenya imekuwa ikionyesha The Nutcracker katika ukumbi wa Kenya National Theatre msimu wa Krismasi, na vijana wetu wamecheza humo. Aliyeitungia baleti hiyo miondoko ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Desemba 1892, baada ya Petipa kuugua, ni Ivanov huyo huyo.

Ombi langu kwa dawati lako la burudani ni dogo. Mwandishi anapoleta habari ya baleti yoyote, aulizwe kabla ya kuchapishwa: nani alitunga miondoko, nani ameiandaa safari hii, na mwisho upi umechaguliwa? Majibu yake yaingie katika aya ya kwanza, pamoja na jina la mtunzi wa muziki.

Mpenzi wa sanaa za jukwaani,
Nairobi