Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Kombe, 2024–2025

Wazee wetu, mama zetu, bayaya na wadogo zetu, wanachama wote wa chama chetu cha wapenzi wa mpira hapa Katuba, Lubumbashi, jambo kwenu.

Kanuni za chama zinataka mwenyekiti asome taarifa mwisho wa msimu, kabla kombe letu la kiangazi halijaanza. Hesabu ataisoma mshika sanduku mwenyewe, na mambo ya nidhamu anayo katibu. Mimi nitakaa kwenye Kombe la Ufaransa, ambalo mkutano wa mwaka jana uliamua tulifuate pamoja tangu raundi ya timu 64 mpaka fainali. Nakaa hapo kwa sababu nimeona humo kanuni mbili ninazotaka tuzilete kwetu, na leo mtazipigia kura.

Bado kuna wanaoniuliza kwa nini tulifuata kombe wakati ligi kubwa ziko. Mji huu haupaswi kuuliza hivyo. Mazembe wetu wa hapa walipobeba Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1980, waliingia kwa mlango wa kombe la taifa, na Motema Pembe wa Kinshasa wakapita mlango huohuo wakachukua lile la 1994. Ligi inampa haki yule aliye imara mwaka mzima, sikatai. Kombe linampa mtu siku moja, na siku hiyo anaweza kuitumia.

Kombe la Ufaransa lilianza msimu wa 1917–1918, vita vikiwa bado vinapiganwa, na mwanzoni lilibeba jina la Charles Simon, kiongozi wa michezo aliyeuawa vitani mwaka 1915. Siku hizi linaingiwa na klabu zaidi ya 7,000 kila mwaka, kuanzia za vijijini hadi PSG ya Paris, pamoja na za visiwa vya mbali kama Réunion na Martinique. Kura ya kupanga mechi ikiwakutanisha wawili waliopishana madaraja mawili au zaidi, mwenyeji ni yule wa chini. Tena tangu msimu wa 2020–2021 hakuna dakika za nyongeza isipokuwa kwenye fainali. Dakika 90 zikiisha sare, ni penalti moja kwa moja. Ukiziweka kanuni hizo pamoja utaona kazi yake. Mdogo anacheza kwenye kiwanja anachokijua, watu wake wamemzunguka, na akijikaza mpaka filimbi, mkubwa hapewi nusu saa nyingine ya kumchosha.

Usiku uliotufundisha zaidi ulikuwa wa tarehe 15 Januari. Wakati wa baridi yao Ufaransa wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mechi za usiku kwao zinatukuta karibu saa nne, na mvua ya Januari kwenye bati mnaijua. Siku hiyo PSG walikuwa na Espaly, timu ya daraja la tano, na wakati huohuo Lyon walikuwa kwa Bourgoin-Jallieu, nao wa daraja la tano. Televisheni ni moja. Wengi walitaka PSG, ikawekwa PSG. Kijana mmoja akabaki kwenye benchi la nyuma na simu yake, anafuata Bourgoin, na kila baada ya muda anapiga kelele. Mwanzoni walimwambia anyamaze. Kufika penalti alikuwa na watu wengi kuliko televisheni, wameinamiana juu ya kioo kidogo cha simu kilichopasuka kona moja, na mwenye jenereta akiwa kati yao, ameacha kuangalia mafuta. Sare ya 2–2, kisha Bourgoin wakashinda kwa penalti 4–2. Lyon, waliokuwa mabingwa wa Ufaransa mara saba mfululizo kati ya 2002 na 2008, wametolewa na jirani wa kilomita kama 40 tu. Hapa ingekuwa timu ya Kipushi imemtoa Mazembe, na ninyi mnajua huo usiku watu wa Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, wangeulala vipi.

Espaly nao hawakuaibika. PSG walishinda 4–2, lakini walihitaji dakika za mwisho kabisa kupumua. (Mabishano yaliyofuata juu ya Warren Zaïre-Emery, mchezaji wa PSG, nayafunga leo: jina la Zaïre analo, lakini asili ya familia yake ni Martinique. Si mtoto wetu.)

Hata hao PSG walikaribia kukwama mlangoni. Mechi yao ya kwanza ya kombe, Desemba huko Lens, iliisha 1–1 na wakapita kwa penalti 4–3. Marseille hawakuwa na bahati hiyo: Lille waliwatoa nyumbani kwao kwa penalti Januari. Februari Stade Briochin ya Saint-Brieuc, daraja la nne, wakawatoa Nice 2–1. Zawadi yao ikawa PSG kwenye robo fainali, na wakala saba bila jibu.

Hapo ndipo nina neno. Mechi ile ya robo fainali Briochin walikuwa wenyeji kwa karatasi, lakini ilichezwa Rennes. Espaly nao walipelekwa Clermont. Sababu ni zilezile siku zote: kiwanja kidogo, watu wengi, usalama. Nazielewa, na sisi hapa tunajua vizuri uwanja ukijaa kupita kiasi unafanya nini. Ila mdogo akihamishiwa uwanja mkubwa, kile alichopewa na kanuni kinabaki jina. Kadiri alivyoshinda, ndivyo alivyozidi kuondolewa kwake. Waangalieni Cannes. Wako daraja la nne, klabu iliyochukua kombe hili mwaka 1932 na ambako Zidane alianza kucheza ligi kuu mwaka 1989. Wao waliruhusiwa kubaki. Waliwapiga Guingamp 3–1 kwenye robo fainali, na nusu fainali wakawapokea Reims wa ligi kuu kwenye uwanja wao wenyewe. Walifungwa 2–1. Siwezi kuapa kwamba ni uwanja peke yake, lakini tofauti ya saba bila na mbili kwa moja haikuletwa na miguu tu.

Nusu fainali nyingine, tarehe 1 Aprili, ilikuwa ya Dunkerque wa ligi ya pili dhidi ya PSG, ikachezwa Lille. Wafaransa walikuwa wameshasogeza saa zao, kwa hiyo tulikuwa sawa nao na hakuna aliyelalamika kuhusu kulala. Dunkerque, waliokuwa wameshawatoa Lille na Brest, wakatangulia 2–0. Waliokuwa wameanza kuvaa koti wakakaa tena. Dembélé wa PSG akarudisha moja kabla ya mapumziko, Marquinhos akasawazisha mara tu baada ya kurudi, Doué akaongeza, na Dembélé akafunga hesabu dakika za mwisho, 4–2. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya msimu.

Fainali haikuwa na chumvi. Tarehe 24 Mei, Stade de France, PSG na Reims, Barcola wa PSG akafunga mawili ndani ya dakika 20 za kwanza, Hakimi la tatu kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili watu walikuwa wanaongea mambo yao. PSG wakachukua kombe la 16, idadi ambayo hakuna klabu nyingine inayo, na wiki moja baadaye wakawafunga Inter wa Italia 5–0 na kubeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Reims nawahurumia. Fainali yao iliangukia katikati ya mechi mbili za kuwania kubaki ligi kuu dhidi ya Metz. Walipoteza fainali, kisha wakapoteza na ligi.

Sasa, kuna waliokwisha niambia: mwenyekiti, mwisho si PSG wamechukua? Kweli wamechukua. Calais ya daraja la nne ilifika fainali mwaka 2000 ikafungwa 2–1 na Nantes. Quevilly walifika 2012, Les Herbiers 2018, wote wakarudi mikono mitupu. Katika zaidi ya miaka mia, klabu za nje ya ligi kuu zilizonyanyua kombe hilo ni Le Havre mwaka 1959 na Guingamp mwaka 2009, nazo zote mbili zilikuwa za daraja la pili. Kwa hiyo siwaahidi timu ndogo za avenyu zetu kwamba zitabeba kombe. Ninachotaka ni wapokee wageni.

Kombe letu tunalijua. Kila mechi, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, inachezwa kwenye kiwanja kimoja kando ya barabara kubwa, kwa sababu kina milingoti ya chuma na kamba ya kuzuia watu. Kiwanja hicho kina wenyewe, na wenyewe wako hapa, wasinikasirikie. Wanacheza nyumbani kila siku. Timu za upande wa chini zinakuja kwa miguu na jua la mchana, zinacheza, zinafungwa, zinarudi. Mama zao na bibi zao hawajawahi kuwaona wakicheza mechi ya kombe.

Pendekezo la kwanza, basi: kura ikikutanisha timu mbili, mwenyeji awe ile iliyoishia chini zaidi mwaka jana, na timu mpya ihesabiwe kuwa ya chini kuliko zote. Katibu na mimi tumepita kuangalia viwanja vyao. Kimoja kina milingoti ya mikaratusi isiyo na nyavu, na mteremko ambao mpira ukiuweka kwenye kona ya juu unaondoka wenyewe kabla mpigaji hajarudi nyuma. Wageni watalalamika. Walalamike. Vijana wa pale wamekulia kwenye mteremko ule na wanajua mpira unakwenda wapi. Nisichokubali ni vipande vya chupa ndani ya mistari, na mtaro wazi kandokando ya kiwanja. Mwenyeji atakayeshindwa kuondoa vya kwanza na kufunika wa pili atapoteza haki yake. Kamba na chokaa chama kitatoa. Franga za mlangoni zibaki kwa mwenyeji zote. Hata Ufaransa ni desturi klabu kubwa kuwaachia wadogo sehemu yake ya mapato.

Pendekezo la pili: tuondoe dakika za nyongeza isipokuwa kwenye fainali. Hapa sina hata haja ya kuwataja Wafaransa. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linazama karibu saa kumi na mbili, na mechi zetu hazijawahi kuanza kwa saa iliyoandikwa. Kila mwaka tunafikia penalti zinazopigwa gizani, golikipa anadaka sauti, na ugomvi unaofuata anaubeba refa. Sare ikija, penalti zipigwe palepale, watu bado wanaonana sura.

Mengine ni mafupi. Jenereta inahitaji plagi mpya. Dekoda imelipiwa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo ni michango. Mabenchi mawili yaliyoazimwa kwa ajili ya matanga hayajarudi, na aliyeyachukua anajijua, namwomba ayarudishe kabla jina lake halijasomwa na katibu. Akina mama waliojiunga mwaka huu wameomba mechi za usiku ziwe na mtu wa kuwasindikiza. Kamati imekubali na vijana wawili wameshajitolea.

Kura itapigwa kwa kuinua mkono, mshika sanduku akishamaliza. Kila timu ina kura moja, na mwenye kiwanja cha barabara kubwa naye ana moja tu. Mapendekezo yatapigiwa kila moja peke yake, kwa hiyo anayetaka penalti bila mteremko anaruhusiwa. Kura ya kupanga mechi itachezwa hapahapa Jumapili watu wakitoka kanisani, na manahodha walete karatasi ya majina ya wachezaji ikiwa imesainiwa.