Kwantamu inakuja, pesa zetu za simu je?

Mhariri, hapa Kampala mtu akisikia AI anawaza tu kuandikiwa barua na simu, kumbe wenzetu wanaiunganisha na kompyuta kubwa kama Frontier ya Marekani pamoja na za kwantamu, yaani kompyuta za aina mpya zinazopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana kama atomu. Kwantamu peke yake inakosea sana ndo maana 2024 Google wakaleta AlphaQubit, AI ya kunasa makosa yake. Sawa, lakini mwanahisabati Peter Shor alishaonyesha tangu 1994 kwamba mashine hizi zikikomaa zitavunja kufuli nyingi zinazolinda siri mtandaoni, na Marekani ilishatoa viwango vipya vya kujikinga Agosti 2024. Sisi boda, ada ya shule, kila kitu ni mobail mani, sasa mabenki na makampuni ya simu yameanza kubadilisha hizo kufuli ama bado?

Msomaji, Ntinda