Mteja wa siku nyingi asitozwe zaidi ya mgeni

Ndugu Mhariri,

Kila linapoulizwa swali la iwapo kampuni ziwatunuku wateja wao wa siku nyingi, mazungumzo huhamia kwenye pointi na kadi za punguzo, ilhali jambo zito liko kwingine. Mimi naamini mteja hana haki ya kudai zawadi, kwa kuwa amelipa na amepata alichokilipia. Haki aliyo nayo ni kutotozwa zaidi ya mgeni kwa sababu tu hakuondoka.

Dhuluma hiyo hutendeka hasa katika huduma za mikataba inayohuishwa, kama vile bima na intaneti, ambako kampuni huwavuta wateja wapya kwa bei ya chini, kisha huipandisha kidogo kidogo kila mwaka, ikijua kwamba wengi wao, hasa wazee na watu waliosongwa na shughuli, hawatapata nafasi ya kulinganisha bei wala kuhama. Nchini Uingereza hali ilifikia mahali ambapo mamlaka inayosimamia huduma za fedha ilizipiga marufuku kampuni za bima za nyumba na magari, kuanzia Januari 2022, kumtoza mteja anayehuisha bima bei inayozidi ile ambayo angepewa kama angekuwa mpya. Inasikitisha kwamba haki iliyo wazi namna hiyo ilihitaji kuandikiwa kanuni.

Pointi nazo zisitupumbaze. Tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa pointi mwaka 1981, mashirika mengi ya ndege yameiga, na sioni ubaya kwa muuzaji kujitahidi kumbakiza mnunuzi. Lakini ni kampuni peke yake inayoamua pointi zina thamani gani na zitakwisha lini. Mwaka 2020, United Airlines iliuweka mpango wake wa pointi rehani ili kupata fedha za dola bilioni 6.8, jambo linaloonyesha wazi kwamba anayefaidi zaidi uaminifu huo si msafiri.

Ninachoomba kwa kampuni, na kwa wanaozisimamia iwapo zitakataa, ni kwamba kila taarifa ya kuhuisha mkataba ionyeshe bei ya mwaka uliopita na bei anayopewa mteja mpya, zote mbili kwa maandishi yanayosomeka, kabla mteja hajakatwa fedha zake.

Msomaji wako