Kaka, zungumza na mjomba wako kabla ya uchaguzi

Bukoba, Jumatatu jioni

Kaka,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Dodoma, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha mpaka nguo hazikauki, na Mama goti bado linamsumbua ingawa ibada hakosi. Najua nimekuwa kimya mno na una maneno ya kunisema. Yaweke kwanza. Nina shida, na wa kunisaidia ni wewe.

Ni habari ya mjomba wako. Jina lake limependekezwa kwenye baraza la wazee wa usharika. Kwa ninavyoona atapita, na akipita watampa kamati ya ujenzi. Hela anazo, na hatoi kwa kujificha: bati za upande wa sakristia ni zake, spika mpya ni zake, na Jumapili iliyopita kwenye mnada aliupandisha mkungu mmoja wa ndizi hadi laki moja. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mhubiri mgeni akadhani kuna harusi. Mimi sina ugomvi na bati, tulikuwa tunalowa.

Ugomvi wangu ni yule kijana aliyekuwa anamkatia ng'ombe majani. Unamkumbuka, yule wa Ngara mwenye baiskeli isiyo na breki. Hajalipwa tangu kabla ya Pasaka. Alikuja kwangu na daftari lake la hesabu, ameandika kila mwezi kwa penseli: deni, deni, deni, na mahali pamoja "elfu kumi, ya dawa". Alipodai aliambiwa asubiri kahawa iuzwe. Kahawa imeuzwa. Siku ya mnada alikuwa nje ya uzio, ameegemea baiskeli yake, anasikia laki moja ikitangazwa. Kwa spika hizo hizo.

Nikamweleza mwinjilisti. Akanijibu, "Hayo ni mambo ya nyumbani kwake, tusichanganye." Kaka, hapo ndipo usingizi ulipokata. Kama ya nyumbani hayatuhusu, Paulo alikuwa anamwandikia Timotheo nini? Soma polepole ile sura ya tatu ya waraka wa kwanza: awe na kiasi, awe na busara, mkaribishaji, asiwe mgomvi wala mpenda fedha, asimamie nyumba yake vema. Ukiondoa kujua kufundisha, sioni kipaji pale, yote ni mwenendo. Kuomba kwa sauti nzuri hakumo. Halafu anataka mtu huyo ashuhudiwe mema na watu walio nje. Basi wa nje tunaye, yuko pale kwenye uzio, na ushuhuda wake ameuandika kwa penseli.

Utaniambia pale anasemwa askofu, si mzee wa usharika. Haya, nenda Matendo 6. Wale saba walikuwa wa kugawa chakula kwa wajane, na bado mitume wakataka watu walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho na hekima. Ni kugawa chakula tu! Sisi hapa tunamkabidhi mtu saruji na nondo.

Bibi angekuwepo tusingefika huku. Ule uamsho wao, uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaja mpaka kwetu, mimi makelele yake sikuyapenda, mtu anaungama mambo ya chumbani watoto wamekaa. Lakini ukisema umeokoka, walitaka kujua una deni la nani. Watu walirudisha vya wizi. Askofu Josiah Kibira alikuwa mmoja wa ndugu hao, na mwaka 1977 pale Dar es Salaam Walutheri wa dunia nzima wakamchagua kuwa rais wa Fungamano lao, Mwafrika wa kwanza.

Na nabii Samweli je, kwenye Biblia? Anaaga, mzee wa mvi, wala hasomi taarifa ya miradi. Anawauliza watu: nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani? Wakasema hakuna. Mjomba wako akiuliza hivyo Jumapili, kuna mkono mmoja utanyooka kule nyuma.

Halafu yule mama wa dagaa pale stendi amekataa jina lake lisiandikwe, eti hajui kusimama mbele za watu. Mwanamke ambaye hata ukimtuma mtoto wa miaka sita, kopo linajaa sawasawa na ukienda mwenyewe!

Simwoni mjomba wako kuwa mtu mbaya. Tulipofiwa na Baba yeye ndiye aliyefika wa kwanza, gari lake likabeba watu usiku kucha. Nadhani vigelegele vimemziba masikio. Lakini Walawi 19 inasema ujira wa mtu usilale kwako hadi asubuhi, na huu umelala tangu masika.

Sasa ombi. Mimi nikienda atasema ni ule mpaka wa shamba, unajua mambo yetu. Wewe ni mpwa wake, anakusikiliza. Mpigie, ila usianze na uchaguzi, atajihami. Anza na ng'ombe. Muulize siku hizi nani anawakatia majani, kisha nyamaza. Akimlipa kijana kimya kimya mimi sisemi neno mahali popote. Kura yangu sasa... mtu akilipa deni kwa ajili ya kura, huyo naye tumwiteje? Tuliache hilo.

Utampigia lini? Au unaona tumpitie shangazi kwanza? Ulipokuwa mtunza hazina hapa, ahadi zake alizitimiza kwa wakati au ni sisi tuliokuwa tunamkumbusha? Huko kwenu wazee mnawapataje, kuna mtu anayeuliza majirani? Na Krismasi mnakuja, au ni hadithi ya mwaka jana? Uchaguzi ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, kwa hiyo usinijibu kwa mwendo wako ule.

Senene wameanza. Nimekuwekea kopo moja, wamekaangwa vizuri. Ukichelewa kumpigia mjomba nawala mwenyewe.

Ndugu yako