Kurasa 19 tupu katika daftari langu la vitumbua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, hasa wenzangu wa Tanga. Mtaani kwetu Makorora kuna kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake imelala chini ya mwembe wiki tatu sasa. Hana homa wala jeraha. Anaamka saa tano, anakaa kitandani, na chakula hali mpaka mama yake amlazimishe. Barazani wanasema ana deni. Wengine wanasema kapandwa na jini. Juzi mtu mzima mwenye heshima zake akasema mbele yangu kwamba ni uvivu tu. Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu, kwani mimi nami niliitwa mvivu nilipougua ugonjwa wa akili.

Mimi ni muuza vitumbua, mwaka wa 14 huu. Jioni naloweka mchele, saa tisa usiku naamka kusaga na kuchanganya tui na iliki, na kabla ya saa kumi na mbili wateja wa kwanza wako mlangoni. Nina daftari ambalo kila siku naandika ukurasa mmoja: kilo nilizoloweka, nilichouza, nani kakopa.

Machi 2021 daftari hilo lina kurasa 19 tupu. Ukurasa wa kabla yake umeandikwa "mchele kilo 4" na basi. Mchele ule ulikaa ndooni siku tatu, ukachacha, povu likapanda, harufu ikajaa uani, na mimi nimekaa kizingitini nautazama. Nilijua kinachotakiwa kufanywa. Mkono haukwenda. Bafu liko hatua tano kutoka chumbani, lakini kubeba ndoo ya maji kwenda kuoga nilikuona kama safari ya Pangani kwa miguu. Watu hudhani sonona, huu ugonjwa wa huzuni na kuishiwa nguvu, ni kulia. Mimi sikutoa chozi. Mwanangu wa mwisho alileta matokeo ya mtihani, amefaulu vizuri, nikaishika ile karatasi kama risiti ya mtu mwingine. Akaniangalia, akaichukua taratibu, akaenda kuionyesha kwa jirani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikwenda kutibiwa, nikapewa dawa za malaria, mara ya pili dawa za vidonda vya tumbo. Kichwa, mgongo na tumbo vilikuwa vinaniuma kweli, ugonjwa huu hushuka mwilini. Nilisema tumbo, wakatibu tumbo. La moyoni sikulitaja, wala hakuna aliyeniuliza. Ustadhi wa mtaani alinisomea siku saba, namshukuru sana, na siku ya saba yeye ndiye aliyemwambia dada yangu: "Dua tunaendelea nayo, lakini huyu apelekwe kwa daktari." Nikapewa dawa za sonona. Nikaambiwa nisitegemee nafuu kesho yake, zinaweza kuchukua wiki kadhaa, na nisiziache ghafla kwa kuwa nimeona ahueni. Ramadhani ilipofika nilikuwa jikoni tena.

Sasa Mhariri, nije kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa sana magazetini.

Agosti mwaka huohuo daftari likabadilika. Mwandiko ukawa mkubwa, unaruka mistari. Kilo 4 zikawa 15, zikawa 30. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa mbili tu na siumwi na uchovu. Nilikopa friza mbili. Nilikubali kupikia harusi ya watu nisiowajua, bure, kwa sababu niliona nina baraka za kugawa. Nilisema haraka mpaka wateja wakaacha kunielewa, na mume wangu akinishauri nilimjia juu kama adui. Fedha za kikoba, shilingi 640,000, ziliisha mkononi mwangu kwa siku 11. Na majirani walifurahi! "Mama kachangamka, dua imejibiwa." Huzuni yangu walau iliwatia watu wasiwasi. Furaha yangu ilipigiwa makofi huku inaibomoa nyumba.

Dada yangu alinipeleka hospitali ya mkoa, Bombo, na daftari akalibeba, si kwa hekima yoyote, alitaka tu kuonyesha madeni. Nesi aliyetupokea alilifungua akalisoma kimyakimya kutoka Machi hadi Agosti. Kisha akauliza: "Amewahi kuwa hivi kabla ya hapo?" Dada akakumbuka mwaka 2018, nilipouza cherehani na kununua makochi usiku mmoja. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia mganga wala daktari habari ile, maana nani huenda hospitali kusema alikuwa na furaha? Kumbe huo ulikuwa upande wa pili wa ugonjwa uleule. Unaitwa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nikaelezwa kuwa mtu wa namna yangu akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumsukuma juu kupita kiasi. Kwa hiyo ukimsindikiza mgonjwa wako, usimweleze daktari siku za giza tu. Mweleze na zile siku alizokuwa halali, anagawa mali, anaanza mambo kumi kwa wakati mmoja.

Dawa yangu ni kabamazepini. Hutumika pia kwa kifafa, kwa hiyo jirani alipoiona akatangaza kuwa nina kifafa. Nimemwacha. Kwa kina mama niseme hili: dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwambie daktari unatumia njia gani.

Watu huniuliza lini ndiyo wakati wa kwenda. Kila mtu hupata siku mbaya, na msiba una majonzi yake. Mimi nasema hesabu siku. Zikifika 14 huzuni haiondoki, au kila ulichokipenda hakikugusi, na usingizi, kula na kazi vimeharibika, nenda. Kwa upande wa kupanda, wiki moja imeshazidi, na mara nyingi mwenyewe hatakubali kuwa anaumwa, kwa hiyo ni kazi ya ndugu. Mama aliyejifungua naye akiwa hivyo, asiambiwe "utazoea".

Lakini akisema amechoka kuishi, au watu wake wangekuwa na raha asingekuwepo, usihesabu chochote. Peleka siku hiyohiyo, usimwache peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mimi niliulizwa na dada yangu, na ndipo nilipopumua. Najua kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi huwafunga watu midomo. Naomba wabunge wetu wa Tanga walitazame hilo, kwani mgonjwa anayeogopa selo hatasema kitu hata kwa mama yake.

Nami niliogopa. Niliamini nikikanyaga Bombo nitapandishwa gari kwenda Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, nisirudi. Nilirudi nyumbani jioni ileile na dawa zangu na tarehe ya kliniki. Tangu hapo nimewahi kushuka mara mbili, na zote niliziona kwenye daftari mapema, nikaenda kabla kurasa hazijawa tupu.

Jana nilikaa na mama wa yule kijana wa bodaboda. Tukahesabu pamoja, tukafika siku 22. Jumatatu tunakwenda naye Bombo, kaka yake atatuendesha kwa pikipiki ileile iliyo chini ya mwembe. Wateja wangu wa Makorora mnisamehe, siku hiyo sitapika.

Muuza vitumbua,
Makorora, Tanga