CV inasomwa juu juu tu, kwa iyo vitu vya maana viweke juu

Wateja wengi wakifika ofisini kwetu hapa Sinza swali la kwanza ni "mnatengeneza CV za kisasa?", na ukimuuliza za kisasa zikoje anatoa simu anakuonyesha templeti ya rangi mbili, picha imewekwa kwenye duara, pembeni kuna vimistari vinavyoonyesha Kiswahili kimejaa mpaka mwisho na Kiingereza kimefika robo tatu, yani inapendeza kweli kama kadi ya harusi. Urembo hatuna ugomvi nao. Shida ni kwamba ukiisoma yote mpaka chini bado hujajua huyu mtu anaweza kufanya kazi gani.

Hebu fikiria upande wa anayeipokea. Mtu wa HR, yani anayeshughulikia ajira na wafanyakazi, kwenye kampuni ya kawaida hapa Dar akitangaza nafasi moja ya mhasibu msaidizi imeli inajaa, na kusoma maombi sio kazi yake pekee, ana mishahara ya kuandaa, kuna mtu anadai likizo, kuna bosi anaita. Anafungua faili lako, anaangalia nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, anatafuta vitu viwili vitatu alivyoviandika mwenyewe kwenye tangazo, asipoviona anafungua la mwengine. Sio kwamba hakutaki, hajakuona tu, maana hicho alichokuwa anakitafuta wewe umekiweka ukurasa wa tatu chini ya shule ya msingi uliyosoma.

Ndo maana sisi tukikaa na mteja hatuanzi na CV yake ya zamani, tunaanza na tangazo la kazi. Wengi hawana. Wanasema nataka CV ya kutuma popote. Sawa, hiyo nayo tunaiandika, lakini ikae nyumbani kama ghala, ndefu utakavyo, kila kazi kila kozi kila semina iwemo, alafu kila nafasi ikitoka unachota humo vile vinavyohusika unavipandisha juu na vingine unavifupisha au unaviacha kabisa. Tangazo likisema wanataka mtu anayejua QuickBooks na wewe uliitumia ukiwa fildi, neno QuickBooks lionekane mapema kwenye ukurasa wa kwanza, liandikwe vilevile walivyoliandika wao, sio "programu mbalimbali za kihasibu". Mbalimbali ni neno ambalo tukiliona kwenye CV tunalifuta kwanza alafu ndo tunamuuliza mteja, zipi?

Sasa nije kwenye kitu kinachotuuma zaidi, watu kujinyima sifa zao wenyewe. Anakuja kijana ana diploma ya uhasibu, amemaliza chuo kama miaka mitatu nyuma, sehemu ya uzoefu ameandika fildi ya miezi miwili halmashauri basi. Miaka mitatu yote umekula nini kaka? Anajibu kwa aibu kidogo kwamba yuko Kariakoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba, ila hiyo sio ajira rasmi kwa iyo hakuiandika. Ukianza kumdodosa ndo unashangaa. Huyu ndo anatoa risiti kwenye mashine ya EFD siku nzima na jioni anatoa ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku, kisha analinganisha na pesa iliyopo na miamala iliyoingia kwenye lipa namba, ndo anahesabu stoku, ndo anajua nani amechukua mabati kwa mkopo na analipa lini, na mara mbili tatu amekaa na mtu wa ritani za kodi wakipanga karatasi za TRA. Jamani, hiyo si ndo kazi ya mhasibu msaidizi yenyewe? Kampuni inayotafuta mtu wa kushika keshi na kufunga hesabu za siku inamtaka huyu kuliko aliyekaa fildi anapiga kopi na kuagizwa chai.

Kwa iyo tunaiandika kama kazi, maana ni kazi. Cheo tunaweka cha kweli, mtunza mauzo na hesabu, sio meneja fedha. Jina la duka, mahali lilipo, mwezi na mwaka aliyoanza, alafu chini yake mistari minne au mitano na kila mstari unaanza na kitendo na unaishia na kitu kinachoshikika: nafunga hesabu za siku na kulinganisha ripoti ya EFD na pesa taslimu pamoja na malipo ya simu, nasimamia daftari la wadeni wa duka, nahesabu stoku kila mwisho wa mwezi na kutoa orodha ya bidhaa za kuagiza. Idadi ukiwa nayo iweke, wadeni wangapi, bidhaa aina ngapi, wasaidizi wangapi uko nao. Usipoijua usiibuni, utaulizwa kwenye intavyu na pale ndo watu wanapoanza kutokwa jasho.

Hivohivo kwa dada aliyekuwa wakala wa pesa za simu, aliyefundisha tuisheni, aliyekuwa mweka hazina wa kikoba chenye watu thelathini. Wanaiacha kwasababu haina barua ya ajira. HR haajiri barua, anataka kujua kama ushawahi kushika pesa za watu zikafika salama.

Alafu kuna ile aya ya mwanzo. Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi chini ya presha na kwa usimamizi mdogo, napenda kujifunza vitu vipya. Kila mtu ameiandika, neno kwa neno, maana wote wametoa kwa rafiki aliyetoa kwa rafiki. Kuna CV iliwahi kuletwa hapa tuirekebishe, mwombaji ni wa IT lakini aya ya juu inasema lengo lake ni kuhudumia wagonjwa kwa upendo. Aliikopi kwa dada yake nesi na ameshaituma sehemu kibao. Weka sentensi mbili tu pale: wewe ni nani kikazi, umefanya nini cha karibu na hii nafasi, na unaomba nafasi ipi. Inatosha.

Kuhusu zile templeti za nguzo mbili, yani ukurasa umegawanywa kushoto na kulia, sababu ya kuzikwepa sio ushamba wetu. Mabenki makubwa, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa wengi wanapokea maombi kwenye mifumo ya kompyuta, na mfumo unatoa maandishi kwenye faili lako na kuyapanga wenyewe. Ukiwa na nguzo mbili, majedwali, au namba ya simu iko ndani ya picha, maandishi yanaweza kutoka yamechanganyika, mwaka wa kazi hii umeangukia kwenye kazi ile. Na ukiwa umeskani karatasi kama picha ukaituma, mifumo mingine haioni neno hata moja. Jaribu mwenyewe sasa ivi, fungua PDF yako, chagua maandishi yote, kopi, peisti kwenye Notepad au hata kwenye meseji ya WhatsApp unayojitumia. Yakitoka kwa mpangilio unaoeleweka uko salama. Yakitoka kama ugomvi wa sokoni, rudi kwenye nguzo moja, vichwa vya kawaida, fonti ya kawaida, na kurasa mbili zinawatosha watu wengi.

Serikalini ni habari nyingine na hapa watu wanachanganya sana. Nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira unaombea kwenye Ajira Portal, akaunti yako inaendana na namba ya NIDA, na kule ulichojaza kwenye vile vipengele, elimu, uzoefu, kozi, lugha, wadhamini, ndo kina uzito. Mtu ana CV nzuri ameambatisha lakini kipengele cha uzoefu amekiacha wazi akijua si wataona kwenye CV. Jaza kote. Soma masharti ya tangazo kwa utulivu, kwa kawaida wanakataa slipu za matokeo na testimonio wanataka vyeti vyenyewe, cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na mwanasheria, barua iwe na sahihi, na kama umesoma nje vyeti viwe vimepita TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (sekondari) kutegemea ni vya ngazi gani. Mtu anapigwa chini kwa barua isiyo na sahihi alafu anasema kazi za serikali ni za kujuana.

Kwa kampuni binafsi, namba ya NIDA itoe kwenye CV. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na hiyohiyo inatumika kusajili laini za simu, sasa unaisambaza kwenye magrupu ya Telegram kwa watu usiowajua ili iweje? Wakikuajiri watakuomba. Dini, kabila, jina la baba, umeoa hujaoa, idadi ya watoto, toa vyote kama tangazo halijaomba. Picha hivohivo. Na tangazo lolote linalokuambia utume hela ya fomu au ya vipimo kabla ya intavyu, hata CV usitume.

Wadhamini watatu ni wa kawaida, ila wapigie kabla hujawaandika. Mwalimu wako wa chuo akipigiwa ghafla akasema "nani? sikumbuki" umekwisha, na sio kosa lake, kafundisha mamia. Mkumbushe mwaka, kozi, na kazi unayoomba. Namba ziwe zinapatikana. Na yako pia, pamoja na imeli yenye jina lako, ile uliyofungua form two yenye jina la msanii iache ipumzike.

Kuna kitu hatufanyi hapa na tunasema mapema ili tusigombane. Hatuongezi miaka ya kazi ambayo hukufanya, hatuchezei cheti, hata ukisema ni kidogo tu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti serikalini uliwakuta watumishi zaidi ya 9,900 na vyeti vya kughushi, watu walishakaa kazini miaka, wana mikopo wana nyumba, wakatoka.

Huduma yenyewe iko ivi. Unakuja na tangazo, vyeti na CV uliyonayo hata kama ni mbaya, tunakaa tunakuuliza maswali mengi kuliko ulivyotegemea, alafu tunaandika, unasoma, tunarekebisha, unaondoka na faili la Word la kuediti mwenyewe na PDF ya kutuma, jina la faili likiwa jina lako na nafasi unayoomba. Aliye mkoani tunaongea kwa simu jioni, tangazo anatutumia WhatsApp. Bei ya aliyemaliza chuo juzi na ya mtu mwenye miaka kumi kazini haifanani, tunakwambia kabla ya kuanza. Kama tangazo linafungwa leo usiku njoo asubuhi, sio saa kumi na moja jioni, na Jumamosi tunafunga saa nane mchana.